Bima yangu kubwa baada ya kugongwa kwenye foleni: nyota tatu

Nyota tatu kati ya tano. Wiki ya pili ningetoa moja, tena kwa shingo upande. Jina la kampuni sitalitaja. Nusu ya yaliyonikuta yangenikuta popote, na nusu nyingine niliyasaini mwenyewe bila kusoma. Ninachopima hapa ni huduma yenyewe: bima kubwa ya gari, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, siku ile unapoihitaji kweli.

Ajali haikuwa ya kusimulia sana. Jumanne jioni, manyunyu, foleni ndefu kwenye mataa. Mbele yangu gari jeupe la mama mmoja wa makamo, nyuma yangu pikapu iliyosheheni nondo. Taa ikawa ya kijani, mama akasogea kidogo, akasimama tena. Nami nikasogea, nikasimama. Pikapu haikusimama. Nikasikia kishindo, kioo cha nyuma kikamwagika kama mchele, na gari langu likasukumwa mpaka likamgonga yule mama.

Nikashuka. Mama alikuwa ameshika shingo, macho yamemtoka. Neno la kwanza kunitoka mdomoni: "Samahani sana mama, nitakutengenezea." Likumbukeni neno hilo. Lilinila siku kumi na tisa.

Dereva wa pikapu alikuwa kijana muungwana, na huo ndio uliokuwa mtihani. Alikiri palepale kwamba alikuwa akiangalia simu. Kisha akanivuta pembeni: "Braza, tuyamalize hapahapa. Nina fundi wangu, polisi wa nini?" Alikwishatoa kalamu na karatasi, niandike kwamba tumeelewana na simdai kitu, naye atalipa kidogo kidogo. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, na kusema kweli nilishika ile kalamu. Kilichoniokoa ni simu ya shemeji yangu, ambaye ni mwanasheria na hupiga simu saa mbaya siku zote. Nilipomweleza akasema maneno mawili: "Usiandike chochote, shem." (Matatu, ukimhesabu shem.)

Sababu nilikuja kuielewa baadaye, na ndiyo kitu ambacho wakala aliyeniuzia bima hakuwahi kunigusia. Kampuni yako ikishakulipa, inavaa viatu vyako na kwenda kumdai aliyekugonga au kampuni yake ya bima. Haki ile ya kudai ilikuwa yako, inahamia kwao. Sasa kama wewe umeshaandika barabarani kwamba humdai mtu kitu, umewakabidhi viatu visivyo na soli. Wana haki ya kukataa kukulipa, na wengi hukataa. Kwa hiyo wema wangu kwa yule kijana ungenifanya nitengeneze gari kwa mfuko wangu huku nikisubiri ahadi yake ya kidogo kidogo.

Polisi walikuja, wakachora ramani ya ajali, wakapima. Kabla magari hayajasogezwa nilipiga picha: magari yote matatu kwa pamoja, kila namba, stika ya bima ya pikapu, leseni ya dereva, nondo zilizochomoza nyuma ya kabini, alama za matairi kwenye lami iliyolowa. Picha kama thelathini. Ishirini hazikufaa kitu. Iliyofaa kuliko zote niliipiga kwa bahati: bampa la nyuma la mama, lina alama moja tu ya gari langu, safi kama muhuri.

Usiku ule ule nikapiga simu ya dharura ya kampuni. Hapa nawapa nyota nzima bila kusita. Alipokea binadamu, si mashine ya bonyeza moja, bonyeza mbili. Alianza kwa kuuliza kama kuna aliyeumia, ndipo akauliza namba ya bima. Akanitumia gari la kuvuta, akanionya kwamba mkataba unalipia uvutaji hadi kikomo fulani na kikipita ni juu yangu, kwa hiyo nisiruhusu gari lipelekwe mbali. Akaniambia nizibe kioo cha nyuma kwa nailoni kabla mvua haijakolea. Nilidhani ni ushauri wa mama mlezi. Kumbe ni sharti: mwenye bima anatakiwa kuzuia hasara isiongezeke, na viti vikiloa kwa uzembe wako, vya kuloa havilipwi.

Siku ya pili nikajaza fomu ya madai. Shemeji alikaa pembeni yangu kama msimamizi wa mtihani. Kila nilipoandika "nadhani" alikata. Ikabaki hivi: nilikuwa nimesimama, nimekanyaga breki, nikagongwa kwa nyuma, nikasukumwa mbele. Basi. Nani mwenye kosa wataamua wenye kuamua.

Siku ya tatu akaja mkaguzi wa hasara, wenyewe wanamwita asesa. Mtu mkimya, ana tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Mafundi wa gereji walikuwa wanamsubiri kwa hamu maana hairuhusiwi kugusa hata skrubu kabla hajapita. Makadirio ya kwanza yalikuwa bampa zote mbili, mlango wa buti, taa, kioo, grili na rejeta. Nilitaka kusaini nimalize. Yeye ndiye aliyesema, "Kaka, subiri bampa livuliwe." Lilipovuliwa, sakafu ya buti ilikuwa imejikunja kama karatasi na chesisi ya nyuma imepinda upande mmoja. Makadirio yakaongezeka. Ningesaini ile hati ya kwanza inayosema nimeridhika na madai yamekwisha, mkunjo ule ungekuwa wangu.

Nikamuuliza kama gari litafutwa kabisa. Akanieleza kwamba wanalinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya gari sokoni siku ya ajali. Matengenezo yakikaribia thamani, hawatengenezi. Wanakulipa thamani na mabaki yanakuwa yao, au unayabakiza na wanakata bei yake. Langu lilikuwa kama asilimia 30. Linatengenezeka.

Ikaja siku ya tisa, na zile siku kumi na tisa zikaanza.

Dada wa kitengo cha madai akanipigia. Kampuni ya bima ya pikapu imeandika kwamba mimi ndiye niliyemgonga mama kwanza, nikasimama ghafla, ndipo pikapu ikanivaa. Ushahidi wao? Dereva wao amesema: "Alimwomba mama samahani na kuahidi kumtengenezea." Na mama mwenyewe, kwa uaminifu wake, alikuwa ameandika kwenye maelezo yake kwamba niliahidi kutengeneza.

Sasa mniambie, kwa lugha yetu hii, mtu aliyeona mama wa watu ameshika shingo aseme nini? Samahani ni nusu ya salamu. Lakini kwenye mkataba wangu, ukurasa ambao sikuwahi kuufikia, kuna kipengele kinachosema mwenye bima asikiri kosa, asiahidi malipo wala kupatana na mtu yeyote bila idhini ya kampuni. Neno samahani halikuwa shida kubwa, dada alinieleza. Shida ilikuwa "nitakutengenezea". Hiyo ni ahadi ya malipo, niliitoa kwa fedha za kampuni, bila kuwauliza.

Wakasimamisha dai langu lote. Hapa ndipo nyota ya kwanza ilipodondoka, na hadi leo sijawasamehe. Bima kubwa hulipa gari lako hata kama kosa ni lako. Ndiyo tofauti yake na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ambayo inamlinda yule uliyemgonga na si wewe. Hata sheria ya kale ya Uingereza ya mwaka 1930 ilipowalazimisha wenye magari kukata bima, iliwafikiria waliogongwa na kuumia au kufa. Bampa la mgongaji lilikuwa shauri lake. Mimi nililipia kubwa kwa miaka sita ili nisiingie kwenye mjadala wa nani kamgonga nani. Wangeweza kabisa kuanza kutengeneza gari langu na kubishana juu ya gari la mama pembeni. Nilipomwambia dada hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, una hoja, lakini faili liko juu." Juu wapi, sikuambiwa. Faili lilikaa juu huko huku mimi nikipanda daladala na shingo iliyokaza.

(Shingo, kwa njia: bima ya gari langu haikulipia matibabu yangu. Kulikuwa na nyongeza ya ajali binafsi ambayo niliikataa wakati wa kukata bima kwa sababu niliona ni ulafi wao. Nilitunza karatasi za hospitali, nikazidai upande wa pikapu.)

Aliyefungua lile fundo ni asesa yule mkimya. Alikwenda kwa mama wa gari jeupe na kumuuliza swali moja ambalo hakuna aliyefikiria kumuuliza, si polisi, si mimi, si shemeji na sheria zake: "Mama, ulisikia vishindo vingapi?"

Kimoja.

Kumbe ndiyo kipimo cha kwanza kwenye ajali za magari kufuatana. Wa mbele akigongwa mara mbili, basi wa katikati alimgonga kwanza, kisha akagongwa kwa nyuma na kumgonga tena. Akigongwa mara moja, wa katikati alisukumwa. Na ile picha yangu ya bahati, bampa lenye alama moja safi, ikasema neno lile lile. Ramani ya polisi ilionyesha pia kwamba kishindo kikubwa kilikuwa nyuma yangu: gari langu lilipondeka nyuma kuliko mbele. Siku ya ishirini na nane faili likashuka kutoka juu. Kampuni ya pikapu ikakubali kulipa gari la mama na kubeba kosa. Nyota ya pili kati ya tatu nilizotoa ni ya asesa peke yake. Kama angekuwa anauza bima ningekata kwake.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo watu wengi hutoka wakisema wameibiwa. Nami nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya kaunta. Nitumie mizani rahisi: tuseme gari langu sokoni lilikuwa na thamani ya mia moja, na matengenezo yalikuwa thelathini. Nilitegemea walipe thelathini. Walilipa ishirini na kidogo.

Makato ya kwanza yalikuwa ya uchakavu. Gari lina miaka tisa, rejeta ilikuwa ya tangu lizaliwe, wamenifungia mpya. Kazi ya bima ni kukurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, na dakika moja kabla ya ajali sikuwa na rejeta mpya. Wakakata mbili, ikabaki ishirini na nane. Hilo nililikubali, ingawa kwa kununa.

Makato ya pili ndiyo yaliyoniuma, na ni ya kujitakia. Mwaka jana wakati wa kuhuisha bima, wakala aliniambia, "Tushushe thamani ya gari kidogo, ada ipungue." Tukaandika themanini wakati gari ni la mia. Nilimshukuru! Nikaona nimempata mtu wa kunitetea. Fikra yangu ilikuwa kwamba themanini ni kikomo tu, na matengenezo ya thelathini yako mbali nacho, hayanihusu. Kumbe mkataba wangu ulikuwa na kipengele cha bima pungufu: ukikatia bima sehemu nne kati ya tano za thamani, kila hasara, hata ya taa moja, wanakulipa sehemu nne kati ya tano. Ile ya tano ni wewe uliyejikatia bima mwenyewe. Ishirini na nane ikawa ishirini na mbili na nukta nne. Kile nilichookoa kwenye ada hakifikii hata robo ya kilichokatwa. Na wakala? Simu yake ilianza kuwa na shida ya mtandao.

Makato ya tatu ni ekisesi, ile sehemu ya hasara ambayo unabeba mwenyewe kila ukidai. Yangu ni asilimia 10 ya dai, ikabaki ishirini na nukta mbili hivi. Kamera ya kurudi nyuma ambayo nilifunga mwenyewe haikuhesabiwa kabisa kwa sababu sikuwahi kuitaja. Theluthi mbili walilipa wao, theluthi moja nikalipa mimi kwenye gereji kabla ya kupewa funguo, siku ya arobaini na moja.

Kuna watu waliniuliza kwa nini nisingewafuata tu wale wa pikapu tangu mwanzo, maana kosa lilikuwa lao. Ni njia halali, na kwa mwenye bima ndogo ndiyo pekee. Ukienda huko hakuna ekisesi, na unaweza kudai hata nauli za siku zote gari liko gereji, kitu ambacho bima yako kubwa kwa kawaida haigusi. Lakini lazima uthibitishe kosa, wao hawana mkataba na wewe, wala haraka nawe. Fikiria zile siku kumi na tisa, kisha ondoa asesa. Ningekuwa bado ninaandika barua. Ukiwa na kubwa, pitia kwako, kisha waache wao wapigane kule. Ndivyo ningefanya tena.

Ila kuna jambo ambalo dada wa madai alinieleza akiwa amekwishafunga kompyuta yake, karibu kama siri. "Sisi tunakwenda kudai tulichokulipa na ekisesi yako. Ile ya tano yako, kamera, nauli na hospitali, kadai mwenyewe kwao. Na ukisaini hati yetu, hakikisha inasema madai yamekwisha kati yako na sisi tu." Nikasoma hati mara tatu. Ilikuwa sawa. Nikaandika barua kwa kampuni ya pikapu, nikaambatisha risiti, maelezo ya daktari na ramani ya polisi. Huwezi kulipwa kitu kimoja mara mbili, shemeji alinionya, akaniletea na kesi ya Castellain na Preston ya mwaka 1883 kule Uingereza: mtu aliuza nyumba, ikaungua kabla mauzo hayajakamilika, bima ikamlipa, kisha mnunuzi naye akamlipa bei kamili. Mahakama ikaamuru bima irudishiwe fedha zake. Mimi sikuwa na tamaa hiyo, nilitaka tu sehemu yangu ya tano.

Walinijibu baada ya wiki tano. Sehemu ya tano walilipa, hospitali walilipa, kamera walilipa kwa bei iliyokatwa uchakavu. Nauli walilipa nusu, wakasema gari lingetengenezwa mapema kama kampuni yangu isingechelewa. Nikacheka, maana walikuwa wanasema kweli.

Nyota ya tatu, basi, ni ya dada yule na sentensi zake tatu za mwisho wa kazi. Mbili zilizokosekana: moja ni ya faili lililokaa juu, nyingine ni ya wakala na themanini yake, maana anavaa fulana yenye nembo yao na ninamhesabu ni wao. Punguzo langu la miaka sita bila kudai nalo lilisimamishwa hadi warejeshewe fedha upande wa pili, jambo ambalo hakuna aliyeniambia mpaka nilipoona ada mpya.

Nimehuisha kwao hata hivyo. Safari hii nilikwenda ofisini mwenyewe bila wakala, nikataka gari likadiriwe na mkaguzi, nikaandikisha kamera, rimu na redio, nikachukua ile nyongeza ya ajali binafsi niliyoiita ulafi. Kijana wa kaunta alipoona ninasoma mkataba ukurasa kwa ukurasa aliniletea kiti.

Nyongeza: siku ya mia moja na kumi na mbili ekisesi yangu imerudi, na punguzo limerejeshwa kwenye ada. Ujumbe uliingia bila mimi kuwapigia. Naongeza nusu nyota. Yule mama wa gari jeupe pia ameniandikia, anauliza kama gereji yangu inanyoosha buti vizuri, kwa sababu ya kwake hailingani na taa.